Kwenda Manda kwa Hesabu ya Mwezi

Wasikilizaji wa Meru, wa Tharaka Nithi na wa Embu, na nyinyi mlio kwenye matatu mkipanda mlima wa Nithi huku dereva ameongeza sauti, mwambieni apunguze mwendo, kisha tuzungumze.

Huu ndio msimu wa vyama kugawana. Akina mama wamechanga tangu Januari, walimu wana akiba yao, kwaya nazo zimeuza kanda, na kila kikao cha mwisho wa mwaka kinaishia kwenye wazo lile lile: twende Pwani, tukapande boti. Basi linakodiwa. Watu wanafika Mombasa, wanapanda feri ya Likoni kwenda na kurudi, ambayo kwa mtembea kwa miguu ni bure, wanapiga picha, wanakula viazi karai, na kesho yake wako njiani kurudi Nkubu wakisema wamevuka bahari. Sina ubaya na Likoni. Lakini kama mtu amelimbikiza pesa za mwaka mzima ili aone maji na kisiwa, nina pendekezo jingine, na kwa Mmeru hasa pendekezo hili lina uzito ambao halina kwa mgeni kutoka Nakuru au Ujerumani. Nendeni Lamu. Na mkishafika Lamu msikae hapo tu. Kodini chombo, mvuke mpaka kisiwa cha Manda kilicho mkabala, muingie kwenye hori la mikoko mpaka magofu ya Takwa.

Kwa nini Manda? Muulize nyanya yako kuhusu Mbwaa.

Wengi wetu tumekua tukisikia kisa hiki jikoni, na vijana wa sasa wanakisoma darasani kama maelezo ya asili ya Wameru. Wazee husimulia kwamba tuliishi kisiwani, mahali paitwapo Mbwaa, chini ya watu waliovaa nguo nyekundu, Nguo Ntune. Hao waliwatumikisha babu zetu, na walipotaka kuwamaliza wakaanza kuwapa kazi zisizowezekana. Leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya ndani na nje. Wazee wakakaa, wakatazama ng'ombe, wakakata ule mkunjo wa ngozi unaoning'inia shingoni, na kiatu kikapatikana. Leteni ndama anayekunya mavi meupe. Ndama akanyweshwa maziwa matupu. Leteni mbwa mwenye pembe. Mbwa akagandishwa pembe za mnyama mdogo wa porini. Toeni tunda lililotumbukia kwenye shimo refu bila kuligusa kwa kijiti. Wakamimina maji shimoni, tunda likaelea. Mwisho ikaja amri ya mkuki unaofika mawinguni, na hapo akili za wazee zikakubali kwamba jibu la amri hiyo ni kutoroka.

Aliyewaongoza ni Koomenjwe, ambaye wengine humwita Kaura o Bechau. Walipofika ukingoni mwa maji, Koomenjwe akayapiga kwa fimbo, maji yakagawanyika, watu wakavuka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka mchana jua likiwaka wakaitwa Njeru, weupe. Mpaka leo kuna koo za Meru zinazojigawa kwa rangi hizo tatu.

Najua kuna wasikilizaji wangu wa Embu ambao wameanza kubadilisha stesheni, wakisema hii ni habari ya Wameru. Ni kweli. Nyinyi mna Mwenendega wenu na mkewe Nthara, waliokutanishwa na maji ya nchi kavu, na kichaka chao kitakatifu kiko huko karibu na Runyenjes; hamkuhitaji bahari ili muwe watu. Lakini subirini kidogo, nanyi mna hisa yenu katika safari hii. Nitaifikia.

Kisa cha Mbwaa kimewashughulisha wasomi pia. Padre Bernardo Bernardi alikigusa katika kitabu chake juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, kilichotoka mwaka 1959. Baada yake Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyezunguka Meru akiwahoji wazee, aliandika makala mwaka 1973 na kisha kitabu kizima mwaka 1993, na hoja yake ni kwamba Mbwaa ni Manda, hiki hiki kisiwa kinachotazamana na Lamu, na kwamba mababu waliondoka kama miaka 300 hivi iliyopita. Wako wengine wanaoona kwamba kisa cha maji kugawanywa kwa fimbo kimepakwa rangi ya Musa na wamishonari, na kwamba kukitafutia kisiwa kwenye ramani ni kukionea. Mimi siingii katikati ya ugomvi huo. Ninachosema ni hiki: kama kuna mahali duniani ambapo Mmeru anaweza kusimama, akatazama mkondo mwembamba wa maji kati ya kisiwa na bara, na akamwelewa Koomenjwe kwa macho yake, mahali hapo ni Manda.

Na sasa naomba sikio la mweka hazina wa chama. Sisi watu wa milimani tunapanga safari kwa kalenda ya ukutani. Tunatazama tarehe shule zinafungwa lini, mshahara unaingia lini, basi liko wazi lini. Kule hesabu hiyo haitoshi. Manda inapangwa kwa mwezi, namaanisha mwezi wa angani.

Bahari ya kwetu Afrika Mashariki hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na ziada kidogo. Ziada hiyo ndiyo inayowachanganya wageni: kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Kama leo yamejaa saa sita mchana, kesho yatajaa karibu saa saba. Kisha kuna bamvua na maji mafu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, basi maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mvuto unapungua, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo ndiyo maji mafu.

Kwenye pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Sasa fikiria chama kilichofika Lamu siku ya mwezi mpevu kwa sababu mwenyekiti alipenda mbalamwezi. Asubuhi wako gatini saa tatu, wamevaa kofia, wamebeba maji ya chupa. Nahodha anawatazama tu. Hori la Takwa wakati huo ni tope na mizizi ya mikoko. Mpaka maji yajae ni jioni, na kuingia magofuni jioni maana yake ni kutoka gizani. Siku imepotea, na pesa ya malazi imekwenda.

Siku nzuri ni zile ambazo maji yanajaa karibu na adhuhuri na yana nguvu ya kutosha kulijaza hori. Kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu, ambao watu wa Lamu wanauishi kila siku, hizo ni siku za kuzunguka tarehe kumi na moja mpaka kumi na tatu, au nusu ya pili ya mwezi, kuzunguka ishirini na sita hivi. Unaingia maji yakipanda, unatembea saa moja au mbili, unatoka kabla hayajakimbia. Kwa hiyo tafuta kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ya kwenye simu au ile inayogawiwa madukani, uiweke kando ya kalenda ya shule, na uchague pale zinapokubaliana. Kisha umpigie nahodha akuthibitishie saa, kwa sababu yeye anajua hori lake kuliko kalenda yoyote. Basi la kutoka Meru likodiwe baada ya hapo.

Tangu niijue hesabu hii, siwezi tena kusikia kisa cha Koomenjwe kama nilivyokisikia utotoni. Wengine walivuka usiku, wengine mchana. Siku za bamvua maji hupwa usiku saa nne, na hupwa tena asubuhi saa nne, na mkondo unaotenganisha Manda na bara si wa kina kirefu. Vyombo vinavyokwenda Pate kupitia mkondo huo, uitwao Mkanda, husubiri maji yajae ndipo vipite. Kiongozi anayejua mwezi angeweza kuwapitisha watu kwa zamu mbili bila kumwambia adui siri yake. Wale wekundu wa alfajiri sijui niwaweke wapi, nakuachia wewe msikilizaji. Mimi si mwanahistoria, na hilo si ushahidi wa kupeleka kwa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru. Lakini fimbo mkononi mwa mzee anayejua saa ya maji haihitaji kufanya kazi kubwa sana.

Kuhusu majira, Desemba mpaka Machi inavuma kaskazi, na jua ni kali. Kusi, upepo unaoshika kuanzia Aprili mpaka Septemba, ndio unaochafua bahari, na Juni na Julai si miezi ya kumpeleka mama mkwe kwenye mashua. Kwa hiyo likizo ya Desemba inawafaa watu wa milima, ila wanaoumwa na mawimbi hata kwenye kona za Nithi wabebe tangawizi na wasile maharagwe asubuhi hiyo.

Njia ni ndefu, na sitaificha. Kutoka Meru au Embu unashuka Nairobi. Hapo unaweza kupanda treni ya SGR mpaka Mombasa, ambayo nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 mpaka 1,500 mwanzoni mwa mwaka 2024, au ukaendelea kwa basi. Kutoka Mombasa ni Kilifi, Malindi, Garsen, Witu, mpaka gati la Mokowe, ambapo barabara inaishia na boti linaanza. Kipande cha baada ya Garsen zamani kilikuwa vumbi na matope. Sasa kina lami. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 vizuizi vya usalama vimekuwa sehemu ya safari hiyo, basi kila mtu awe na kitambulisho mkononi, si ndani ya sanduku lililofungwa kwenye buti. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kuondoka. Safirini mchana.

Hapo Garsen ndipo ninaporudi kwa watu wa Embu, kama nilivyoahidi. Mtakapovuka mto Tana, teremsheni kioo mtazame. Maji yale ni yenu. Rupingazi na Thuci za Embu, Kathita na Mutonga za Meru, zote zinamwaga Tana. Maji ya Tana yamezungusha mitambo ya umeme Kindaruma tangu 1968, na Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere zilizofuata, kisha yakakata jangwa mpaka Kipini, na hapo yanaingia baharini, jirani kabisa na Lamu. Wakati wa mvua kubwa bahari ya Ghuba ya Ungwana hugeuka rangi ya kahawia kwa udongo. Sehemu ya udongo huo ilikuwa shamba la mtu wa Mbeere, huko Embu, ambaye hakuchimba makinga maji. Kwa hiyo Mwembu akiulizwa Lamu anatafuta nini, aseme amekuja kufuata udongo wake.

Sasa chombo. Lamu vyombo ni vingi, na vijana watawapokea gatini kwa maneno matamu kuliko halua. Msikubaliane na wa kwanza. Ulizeni kama bei ni ya chombo kizima au ya kichwa, kama ni kwenda tu au na kurudi, kama chakula kimo, kama kiingilio cha Makumbusho ya Taifa kimo, maana Takwa iko chini yao. Mashua ya tanga ina raha yake, kwa sababu hakuna kelele na unamwona baharia akipanda kwenye foromali kama ngazi ya nyumbani. Lakini upepo ukilala, mtalala nao. Ndiyo maana manahodha wengi hubeba injini ndogo shetri kwa ajili ya dharura. Ulizeni kama ipo, na kama ina mafuta.

Na maboya ya kuvaa. Hapa sitanii. Wengi wetu tuliozaliwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya hatujui kuogelea. Mto wa kwetu ni wa kuvuka kwa mawe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, karibu na ufuo, mbele ya macho ya watu, na watu 272 wakafa. Haikuwa katikati ya bahari kuu, na haikuwa usiku wa dhoruba. Ilikuwa asubuhi, watu wakienda kazini, na chombo kilikuwa kimelemewa. Kwa hiyo hesabuni watu, hesabuni maboya, na idadi zikipishana hata kwa moja, msiondoke. Chama cha watu 30 kisijibane kwenye mashua moja kwa kuokoa pesa. Anayecheka kwamba boya linaharibu picha, mpigieni picha akiwa amelivaa.

Mkiingia kwenye hori mtaona mikoko imekaribiana kutoka pande zote mbili, maji yamelala kimya, na chombo kinakwenda polepole. Takwa ulikuwa mji wa Waswahili wa karne ya 15 mpaka ya 17. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na milango yake inatazama kaskazini, upande wa Makka. Msikiti mkubwa una nguzo juu ya ukuta wa kibla, jambo ambalo hulioni mara nyingi. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi lenye nguzo na maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani karibu 1683. Mji ulihamwa muda si mrefu baada ya hapo. Wengine husema visima viligeuka chumvi, na inasemekana watu walivuka wakaenda kujenga Shela, ng'ambo kwenye kisiwa cha Lamu. Watu wa Shela bado wanarudi kwenye kaburi hilo kuomba dua ya mvua. Mkulima wa Mbeere anayesubiri mvua kila Oktoba ataelewa bila kutafsiriwa.

Mtu mwenye hamu ataanza kupiga hesabu hapo hapo: Takwa ulihamwa mwishoni mwa karne ya 17, na mababu zetu waliondoka Mbwaa karibu na wakati huo, basi kumbe! Taratibu. Miaka kukaribiana si sawa na watu kuwa wamoja, na hakuna jiwe hata moja pale lililoandikwa Koomenjwe. Huko kaskazini mwa kisiwa kuna magofu ya zamani zaidi, ya mji wa Manda wenyewe, ambao mwanaakiolojia Neville Chittick aliuchimba na kukuta kwamba ulikuwa na biashara ya ng'ambo tangu karne ya 9. Kisiwa hicho kimebeba watu wengi, wa kila aina. Zaidi ya yote, msifike kwa wenyeji na kuwaambia kwamba babu zao ndio Nguo Ntune. Kwanza haijathibitishwa nguo hizo zilikuwa za nani. Pili mnakula chakula chao.

Adabu ndogondogo: mji wa Lamu umeorodheshwa na UNESCO tangu 2001, lakini kabla ya kuwa urithi wa dunia ni mji wa Waislamu wanaoishi humo na kusali humo. Kina mama wabebe leso mbili, moja ya kiunoni na moja ya mabegani. Kaptura za vijana zibaki ufukweni. Mzee mkikutana naye mpeni shikamoo. Vichochoro ni vyembamba na punda ana haki ya njia.

Kuhusu miraa, mtakuta imewatangulia. Wameru wanaoiuza wako Lamu miaka mingi, na kusikia Kimeru karibu na gati si ajabu. Muguka wa Embu, ndugu yake miraa, ni habari nyingine. Mei 2024 gavana wa Mombasa aliupiga marufuku katika kaunti yake, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo. Sina haja ya kuichambua kesi. Ila kama basi lenu lina kwaya ya kanisa ndani, sioni mzigo wa muguka unafanya nini chini ya kiti.

Jambo la mwisho, kabla hawajanikatia: Takwa hakuna duka. Nunueni samaki asubuhi sokoni Lamu, mpatieni nahodha, na mabaharia watachoma wenyewe, wali wa nazi upikwe kabla ya kuvuka. Nahodha akisema tunaondoka saa nane, ni saa nane. Msimwambie "dakika tano tu, mwenyekiti bado anapiga picha." Chombo kikipwelewa ndani ya hori, hakuna wa kukisukuma, mtakaa na mbu mpaka maji yarudi, na maji hurudi kwa saa yake, saa kadhaa baadaye, hata kama basi la kurudi Embu limelipiwa la asubuhi. Mchague mtu mmoja katika kikundi, mkali, asiyependa picha, na kazi yake siku hiyo iwe hiyo tu: kuwarudisha watu chomboni.

Wiki ijayo tutazungumza habari ya maparachichi na madalali. Taarifa ya habari inafuata.